Msiipe Chipu Sifa Isiyo Yake

Tangu Novemba 2020, Apple ilipoonyesha Mac za kwanza zenye chipu ya M1, simulizi moja imeenea hadi imekuwa kama historia rasmi. Intel ilizembea. Apple ikachoka kusubiri, ikabuni chipu yake, chipu ikatoka na kasi ya kutisha huku ikila umeme kiduchu, wateja wakahama wakishangilia. Inarudiwa na wauzaji madukani, na waandishi wa habari za teknolojia, na vijana wanaobishana vijiweni laptopu ipi ni kali zaidi. Shujaa wake ni kipande cha silikoni.

Naipinga simulizi hiyo. Sisemi M1 ni chipu mbaya. Ina transista bilioni 16, imetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 5, na aliyewahi kuitumia kwenye MacBook Air isiyo na feni anajua kwamba haijasifiwa bure. Ninachokataa ni kuivisha chipu taji la kazi iliyofanywa na wengine. Mac zilihama kutoka Intel salama kwa sababu programu za wenye Mac zilihama pamoja nao, na kazi hiyo ilianza miaka mingi kabla M1 haijachorwa. Asiyeliona hilo atakosea anaponunua kompyuta moja, na atakosea vibaya zaidi anapokabidhiwa kuandika zabuni ya kompyuta elfu moja za shule.

Hebu tuitazame Microsoft. Oktoba 2012, miaka minane kabla ya M1, kampuni hiyo ilitoa Surface RT. Ndani yake mlikuwa na Tegra 3 ya Nvidia, prosesa ya usanifu wa ARM, ukoo uleule ilikotoka M1. Mashine ilikuwa nyembamba, haina feni, betri inadumu. Mteja akaipeleka nyumbani, akajaribu kuweka programu zake za Windows za siku zote: ya hesabu za duka, ya kuchapisha picha, ya mchezo aupendao. Zote ziligoma. Zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya prosesa za Intel, na Surface RT haikuwa na chochote cha kuzifasiri. Julai 2013 Microsoft ilitangaza kufuta dola milioni 900 katika vitabu vyake kwa sababu ya mashine hizo.

Mtu atasema Tegra 3 ilikuwa dhaifu. Ni kweli, ilikuwa dhaifu. Basi tuchukue prosesa ambayo hakuna mhandisi atakayeiita dhaifu: Alpha, ya kampuni ya DEC ya Marekani, iliyotoka mwaka 1992. Ilikuwa ya biti 64 wakati kompyuta za mezani za kawaida zilikuwa za biti 32, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa prosesa zenye kasi kubwa kuliko zote duniani. Windows NT iliendeshwa juu yake bila shida. Lakini kampuni za programu hazikuona sababu ya kuandika upya kazi zao kwa ajili ya wateja wachache. Mwaka 1996 DEC ilileta programu ya kufasiri iliyoitwa FX!32, kazi nzuri mno ya kihandisi, ila ilifika watu wakiwa wameshachagua. Compaq ikainunua DEC mwaka 1998. Mwaka 1999 Windows kwa Alpha ikakomeshwa. Mwaka 2001 Compaq ikatangaza kuiacha Alpha na kuhamia Itanium.

Na Itanium yenyewe? Hiyo ndiyo prosesa iliyonikinaisha kabisa katika hoja hii. Ilibuniwa na Intel pamoja na HP, nayo ikaingia sokoni mwaka 2001 ikibeba ahadi ya kuwa prosesa ya karne mpya. Kosa lake lilikuwa moja tu lenye uzito: programu za zamani za Intel zilijikokota juu yake. Mwaka 2003 AMD, kampuni ndogo kwa Intel mara nyingi, ikaleta Opteron, prosesa ya biti 64 iliyoziendesha programu zilezile za zamani bila kuguswa hata herufi. Mwaka uliofuata Intel ilianza kuuza prosesa zinazofuata usanifu wa AMD. Hebu fikirini maana yake. Jitu la chipu lililazimika kumfuata mshindani wake mdogo, kwa sababu mdogo huyo hakumwambia mteja atupe programu zake. Shehena ya mwisho ya Itanium ilitoka mwaka 2021, na sidhani kama kuna aliyeililia.

Kwa hiyo chipu bora iliwahi kufa kwa kukosa programu, na chipu iliyochukuana na programu za watu iliwahi kumpiga mwereka mkubwa. Sasa turudi kwa Apple.

Mac imebadilisha ukoo wa prosesa mara tatu. Ya kwanza, ya mwaka 1984, ilitumia Motorola 68000. Machi 1994 ikahamia PowerPC, iliyozaliwa na ubia wa Apple, IBM na Motorola wa mwaka 1991. Mwaka 2006 ikaingia Intel. Mwaka 2020 ikaanza kutoka. Kama chipu ingekuwa ndiyo roho ya kompyuta hii, Mac ingekuwa imeshazikwa mara tatu. Haikuzikwa, na kila mara sababu ilikuwa ileile.

Mwaka 1994 aliyeubeba msafara ni mhandisi mmoja, Gary Davidian, na programu aliyoiandika ya kuiga prosesa ya zamani ndani ya ile mpya. Haikuwa kwa ajili ya programu za wateja peke yake. Sehemu kubwa ya mfumo endeshi wa Mac ilikuwa bado imeandikwa kwa lugha ya 68000, kwa hiyo Apple yenyewe iliishi ndani ya kazi ya Davidian kwa miaka. Mtu alinunua mashine iliyotangazwa kwa sifa za prosesa mpya, na kwa muda mwingi wa siku prosesa hiyo ilikuwa ikijifanya ile ya zamani. Hapo ndipo ninapowauliza wapenzi wa chipu: nani hasa aliyefanikisha uhamaji huo?

Uhamaji wa pili umepotoshwa zaidi. Simulizi inasema IBM ilishindwa kazi. Ni kweli kwamba Juni 2003 Steve Jobs aliahidi Power Mac G5 ya gigahezi 3 ndani ya miezi 12, na miaka miwili baadaye haikuwapo. Ni kweli pia kwamba G5 iliwaka moto kiasi kwamba haikuweza kuingia kwenye laptopu, na toleo lake la kasi kubwa la mwaka 2004 lilihitaji kupozwa kwa mfumo wa majimaji. Lakini tazameni IBM ilikuwa inafanya nini wakati huohuo. Xbox 360 ya mwaka 2005, na PlayStation 3 na Wii za mwaka 2006, zote zilitumia prosesa za ukoo wa Power zilizotokana na kazi ya IBM. Hata mashine za mwanzo ambazo Microsoft iliwapa waandishi wa michezo ya Xbox 360 zilikuwa Power Mac G5. IBM ilikuwa na wateja wakubwa, na Apple alikuwa mteja mdogo anayedai prosesa ya laptopu ambayo hakuna mwingine aliyeihitaji. Hilo ni suala la biashara. Prosesa kutokufaa kwenye laptopu moja hakuifanyi kuwa mbovu.

Tarehe 6 Juni 2005, jijini San Francisco, Jobs alitangaza kwamba Mac zinahamia Intel. Kilichowashangaza waliokuwamo ukumbini kilikuja baadaye kidogo: kompyuta aliyokuwa akiitumia jukwaani tangu mwanzo wa hotuba ilikuwa na Pentium 4. Kila toleo la Mac OS X kwa miaka mitano lilikuwa limeandaliwa kwa siri liweze kuendeshwa kwenye Intel pia.

Siri hiyo ina mizizi, na mizizi yake haimo katika kiwanda chochote cha chipu. Mac OS X ilitokana na NeXTSTEP, mfumo endeshi wa kampuni ya NeXT aliyoianzisha Jobs alipoondoka Apple. Kompyuta za NeXT hazikuuzika, na mwaka 1993 kampuni iliacha kuzitengeneza. Ikabakiwa na programu tupu, na programu isiyo na mashine yake inalazimika kujifunza kukaa katika mashine za watu wengine. NeXTSTEP ikafundishwa kuendeshwa kwenye prosesa za Motorola, Intel, Sun na HP, na faili moja la programu likaweza kubeba ndani yake lugha za prosesa kadhaa. Apple ilipoinunua NeXT, katika makubaliano yaliyotangazwa Desemba 1996, ilinunua pia desturi hiyo ya kutofunga ndoa na prosesa yoyote. Wanaosema Apple ina kipaji cha kubadilisha chipu wanasahau kwamba kipaji hicho kilitokana na biashara iliyofeli.

Kisha kulikuwa na Rosetta, programu iliyofasiri kazi za PowerPC ziende kwenye Intel. Teknolojia yake ilitoka kwa kampuni ya Transitive ya Uingereza, iliyochipuka kutoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester. Mac za kwanza za Intel zilitoka Januari 2006. Adobe haikuleta Photoshop iliyoandikwa kwa ajili yake hadi mwaka 2007, na Microsoft Office ikangoja hadi Januari 2008. Kwa muda huo wote, mpiga picha na karani wa ofisi walifanya kazi zao za kila siku ndani ya Rosetta. Intel ilikuwa na tangazo, Transitive ilikuwa na mzigo. Baadaye IBM, iliyopoteza nafasi yake ndani ya Mac, ndiyo iliyoinunua Transitive. IBM ilijua thamani ilikokuwa.

Sasa M1. Hoja nzito ya upande wa pili ni hii: bila kasi ya M1, mfasiri mpya, Rosetta 2, angekuwa mzito na watu wangelalamika. Nakubali kwamba kasi ilisaidia. Lakini tuingie ndani ya chipu yenyewe tuone imejengwaje. Prosesa za Intel zina nidhamu kali katika kuandika kwenye kumbukumbu: kiini kimoja kikiandika jambo la kwanza na la pili, viini vingine vinaliona la kwanza kabla ya la pili. Prosesa za ARM kwa kawaida zina uhuru wa kuupangua mpangilio huo ili kuokoa muda. Programu iliyoandikwa kwa nidhamu ya Intel ikifasiriwa kwenda ARM, mfasiri inabidi achomeke vizuizi kila mahali ili isiharibike, na vizuizi hivyo vinaua kasi. Apple iliweka ndani ya M1 hali maalumu inayoilazimisha chipu kufuata mpangilio wa Intel pale programu iliyofasiriwa inapoendeshwa. Maana yake ni kwamba chipu ilichongwa kwa kipimo cha mfasiri. Waandishi wa programu walisema wanataka nini, na silikoni ikatii.

Mnakumbuka pia mwaka 2019? Oktoba mwaka huo macOS Catalina ilikata programu zote za biti 32. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa michezo na programu nyingi za zamani zilikufa siku moja. Lakini mwaka mmoja baadaye Rosetta 2 ilifika bila mzigo huo. Njia ilikuwa imeshafyekwa, na waliolipa gharama ya kufyeka ni wenye programu.

Hoja ya uzembe wa Intel nitaipitia haraka. Intel ilianza kuuza prosesa za nanomita 14 mwaka 2014, na zile za nanomita 10 zilichelewa kwa miaka. Hilo halina ubishi. Lakini uzembe huo haukumuumiza Apple peke yake. HP, Dell na Lenovo walinunua prosesa hizohizo na kungoja foleni hiyohiyo. Kama sababu ya kuhama ingetosha, wote wangehama. Hawakuweza, isipokuwa kwenda AMD inayozungumza lugha moja na Intel. Tangu Desemba 2017 baadhi yao walijaribu laptopu za Windows zenye prosesa za Snapdragon, lakini Windows ya wakati huo iliweza kufasiri programu za biti 32 tu. Ufasiri wa biti 64 ulikuja na Windows 11 mwaka 2021, na mfasiri aliyeboreshwa, aitwaye Prism, akaja mwaka 2024 pamoja na laptopu za Snapdragon X. Ni baada ya hapo ndipo mashine hizo zilipoanza kuzungumzwa kwa heshima. Kila mtu alikuwa na sababu ya kuondoka. Mmoja tu alikuwa na gari.

Na wanaotamba kwamba Apple sasa inajitengenezea chipu wapunguze sauti. Apple inachora. Anayetengeneza ni TSMC ya Taiwan, kwa usanifu wa msingi wenye leseni ya Arm ya Cambridge. Apple imebadilisha mtu inayemtegemea, kama ilivyofanya mwaka 1994 na mwaka 2006. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami siwalaumu wenye tangazo kwa kutangaza. Nawalaumu wanaolirudia tangazo wakidhani ni uchambuzi.

Kwa nini nalishikia bango jambo hili? Kwa sababu sifa ikipelekwa mahali pasipo pake, na matunzo hupelekwa huko. Kampuni ikiamini chipu ndiyo iliyoshinda, mfasiri anageuka kuwa jukwaa la mwashi: nyumba ikisimama, linabomolewa. Mac OS X Lion ilitoka Julai 2011 bila Rosetta ya kwanza. Wachoraji waliotumia FreeHand waliachwa kwenye mataa. Adobe iliipata programu hiyo ilipoinunua Macromedia mwaka 2005, ikaacha kuiendeleza mwaka 2007, na toleo la Intel halikuandikwa kamwe. Mtu mwenye nembo, mabango na majalada ya miaka kumi katika faili za FreeHand alikuwa na njia mbili: asiisasishe kompyuta yake tena, au aachane na kazi zake za nyuma. Hakuna gigahezi itakayomfungulia faili hizo.

Jambo lilelile linabisha hodi tena. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe ni ya mwisho kwa Mac za Intel, na kwamba Rosetta 2 itabaki kamili hadi macOS 27, kisha itasalia sehemu yake kwa ajili ya baadhi ya michezo ya zamani. Mac Pro ya Intel ilikuwa bado inauzwa mpya hadi Juni 2023.

Huku kwetu tangazo hilo lina uzito ambao haukupimwa California. Laptopu nyingi zinazofika mikononi mwa wanafunzi na vijana wa studio Nairobi na Dar es Salaam zimeshafanya kazi Ulaya au Marekani. Nairobi huziita «ex-UK», Dar huziita «used». Mashine ambayo mwenyewe wa kwanza anaiuza kwa sababu mfumo endeshi mpya hauikubali, ndiyo mashine mpya ya mtu wa pili. Muuzaji atamwambia ina Core i7, ina RAM ya kutosha, betri imebadilishwa. Yote yanaweza kuwa kweli. Swali ambalo halijibiwi na prosesa ni programu zake zitapokea masahihisho ya usalama hadi lini, na programu anayoitaka mwakani itakubali kuwekwa humo au itadai mfumo ambao mashine hiyo haitaupata kamwe. Anayenunua aulize hilo kabla ya kuuliza ina viini vingapi. Na anayeandika zabuni ya serikali, anayejaza kurasa kwa jina la prosesa na namba zake, aandike pia miaka ambayo muuzaji anawajibika kwamba programu zilizotajwa zitafanya kazi, na adhabu zisipofanya.

Kwa Apple nina dai moja, na nalitoa kwa uzito wote. Rosetta 2 iachwe nzima. Kampuni hiyo ina fedha na ina wahandisi wa kuitunza, na imeshatengeneza chipu zinazojua kuihudumia. Kuna programu za Intel ambazo kampuni zilizoziandika zimefungwa, au mwandishi wake alikuwa mtu mmoja na ameshafariki. Hakuna atakayeziandika upya. Watu walizinunua kwa fedha halali na wamehifadhi ndani yake muziki wao, michoro yao na vitabu vya hesabu zao, na siku Rosetta 2 itakapoondolewa, hawatakuwa na mlango mwingine wa kuingilia humo.